Mwongozo kamili: Jinsi ya kuchunguza ukoo wa jeni kwenye nyanya inayopigwa na joto, ukame, chumvi au baridi

Joto kali likiupata mche wa nyanya, baadhi ya jeni zake huanza kunukuliwa kwa kasi, yaani kuandikwa kuwa mRNA, ujumbe wa kutengeneza protini, kabla jani halijaonyesha dalili yoyote. Dakika 15 hadi 30 zinatosha. Nyingi ya jeni hizo hazifanyi kazi peke yake. Ni za ukoo, yaani kundi la jeni zilizotokana na jeni moja ya kale, zikaongezeka kwa kunakiliwa ndani ya jenomu, kisha kila nakala ikashika njia yake. Moja hujibu joto, nyingine chumvi, nyingine huamka wakati wa kutengeneza mbegu tu, na nyingine imekaa kimya kabisa.

Kazi ya kuuchunguza ukoo kama huu ina sehemu mbili: ile ya kompyuta na ile ya mimea. Tafiti nyingi hutumia nguvu zote kwenye kompyuta, zikatoa orodha, mti na michoro ya rangi, halafu mimea ikawekewa msongo (joto, ukame, chumvi au baridi) mwishoni kwa haraka haraka. Nina msimamo tofauti. Jibu la swali lako linapatikana au linapotea siku unapoweka mimea kwenye joto au ukame, kwa hiyo sehemu hiyo nitaikalia muda mrefu zaidi. Mfano wangu kuanzia mwanzo hadi mwisho ni ukoo wa Hsf, protini zinazoongoza unukuzi wa jeni wakati wa joto, ila hatua ni zilezile kwa WRKY, NAC, AP2/ERF, bZIP na koo nyingine.

Hatua ya 1: Andika swali kabla hujafungua kompyuta

"Kuchunguza jeni za Hsf kwenye nyanya" bado ni mada tu, halijawa swali. Swali ni kama hili: ni wanaukoo gani wa Hsf wanaopanda kwenye jani ndani ya saa moja ya joto la nyuzi 40, na ni yupi kati yao anayebaki juu baada ya mmea kurudishwa kwenye nyuzi 25? Swali la namna hiyo linakuamulia kiungo, muda, kiwango cha msongo na hata idadi ya sampuli. Andika pia matokeo gani yatakufanya useme "hapana". Usipoyajua mapema, kila kinachopanda kitaonekana ushindi.

Chagua aina ya nyanya kwa sababu maalumu. Heinz 1706 ndiyo iliyosomwa jenomu yake na matokeo kuchapishwa mwaka 2012, hivyo mfuatano wa jeni zake ndio rejea ya wote. Micro-Tom ni fupi na huzaa haraka, inafaa nafasi ikiwa ndogo. M82 hutumika sana kulinganishwa na nyanya mwitu *Solanum pennellii*, ambayo jenomu yake ilichapishwa mwaka 2014 na inavumilia ukame na chumvi kuliko nyanya ya shambani. Ukitumia aina isiyo Heinz 1706, soma mfuatano wa jeni unazozilenga kwenye aina hiyohiyo kabla ya kuagiza praima, vipande vifupi vya DNA vinavyoshika jeni unayotaka kuipima. Tofauti ya herufi moja mwishoni mwa praima inaweza kukuonyesha jeni "imekufa" wakati iko hai.

Hatua ya 2: Watafute wanaukoo wote, kisha wachuje

Nyanya ina kromosomu 12 na jeni zipatazo 35,000 zinazotengeneza protini. Pakua faili la protini zote, lile la mfuatano wa mRNA na lile la maelezo ya jeni kutoka tovuti ya Sol Genomics Network, na yote matatu yawe ya toleo moja. Kuchanganya matoleo ndicho chanzo cha jeni "zinazopotea" katikati ya kazi.

Jina la jeni lenyewe linakupa habari. Solyc08g062960 maana yake ni jeni ya *Solanum lycopersicum* iliyo kwenye kromosomu ya 8, na tarakimu sita za mwisho zinaonyesha mpangilio wake kwenye kromosomu hiyo. Hiyo ndiyo HsfA2, tutakutana nayo tena. Jeni mbili zenye namba zinazokaribiana sana ni majirani, na majirani wa ukoo mmoja mara nyingi ni nakala zilizozaliwa palepale.

Fanya utafutaji kwa njia mbili zinazojitegemea. Ya kwanza: chukua modeli ya kikoa cha ukoo wako, yaani sehemu ya protini inayoutambulisha ukoo, kutoka hazina ya Pfam (kwa Hsf ni PF00447, kwa WRKY ni PF03106, kwa NAC ni PF02365, kwa AP2 ni PF00847) na uipitishe kwenye protini zote kwa programu ya HMMER. Ya pili: chukua wanaukoo wanaofahamika wa *Arabidopsis thaliana*, mmea mdogo unaotumika sana maabara, ambao kwa Hsf ni 21, na uwatafutie ndugu kwa programu ya BLAST. Unganisha orodha mbili. Walio kwenye orodha zote mbili hawana utata. Walio kwenye moja tu ndio wa kukaguliwa mmoja mmoja kwa macho.

Ukaguzi ni huu. Kwa kila jeni, bakiza protini moja, maana jeni moja inaweza kuwa na namna kadhaa za mRNA zikahesabiwa mara mbili. Angalia kama kikoa kimekamilika. Hsf halisi ina sehemu ya kushika DNA karibu na mwanzo wa protini, na baada yake sehemu ya kuungana na wenzake, maana Hsf hufanya kazi zikiwa tatu tatu. Protini yenye nusu ya sehemu ya kwanza na bila ya pili inaweza kuwa jeni iliyokufa, au kosa la programu iliyotabiri jeni. Fungua data ya RNA uone kama kuna usomaji (vipande vya RNA vilivyosomwa) unaopita mahali pale kabla hujaitupa.

Usishangae hesabu yako ikipishana na za wengine. Kwa Hsf za nyanya, tafiti hutaja kati ya 24 na 27, kutegemea toleo la jenomu na ukali wa mchujo. Andika kigezo chako cha kukubali na kukataa, pamoja na majina ya uliowakataa na sababu ya kila mmoja.

Hatua ya 3: Mti wa ukoo

Hapa tupite haraka. Panga protini za nyanya na za *Arabidopsis* kwa programu ya MAFFT, jenga mti kwa programu ya IQ-TREE ukiiacha ichague modeli yenyewe, na weka marudio 1,000 ya kupima uimara wa matawi. Tawi lenye uimara mdogo usilijengee hoja.

Mti unakupa majina na makundi. Hsf zina madaraja A, B na C. Za daraja A zina motifu ziitwazo AHA zinazowasha unukuzi. Za daraja B hazina AHA, na nyingi zina herufi nne za asidi amino, LFGV, zinazohusiana na kuzima unukuzi. Ukiona protini imeangukia kwenye tawi la A lakini haina AHA hata moja, rudi hatua ya 2.

Nakala nyingi za koo za nyanya zilitokana na tukio la kale ambapo jenomu nzima ya babu wa jamii ya Solanaceae iliongezeka mara tatu, makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita. Nyingine zilinakiliwa bega kwa bega baadaye. Programu ya MCScanX itakutenganishia aina hizo mbili. Uwiano wa Ka/Ks (mabadiliko ya DNA yanayobadilisha protini, kwa yale yasiyoibadilisha) unaweza kuuhesabu, lakini karibu kila ukoo utakupa jibu lilelile: chini ya 1, yaani mabadiliko mabaya yanafutwa na uteuzi wa asili. Sentensi moja inatosha kulisema hilo.

Hatua ya 4: Promota, kwa tahadhari

Desturi ni kukata herufi 1,500 hadi 2,000 za DNA kabla ya mwanzo wa jeni, yaani promota yake, na kutafuta humo vituo vya kushikwa na protini za msongo. Kituo cha Hsf kina umbo la nGAAnnTTCn (n ni herufi yoyote), na kinachoshikwa vizuri huwa na angalau vipande vitatu vya nGAAn vilivyopangana huku na huku. Kituo cha protini za DREB ni A/GCCGAC. Kituo cha W cha WRKY ni TTGACC au TTGACT. Kile cha protini zinazopokea amri ya homoni ya ABA kina kiini ACGT.

Tatizo ni hesabu ya bahati tupu. Mfuatano wa herufi nne kama ACGT, herufi zote zikiwa na nafasi sawa, hujitokeza wenyewe mara moja kila herufi 256. Kwenye promota ya herufi 2,000 utavikuta karibu 8 bila jeni hiyo kuwa na uhusiano wowote na msongo. DNA ya nyanya ina A na T nyingi zaidi, hivyo idadi halisi itapungua, lakini hoja inabaki palepale: kuhesabu vituo na kusema "jeni hii hujibu ukame" hakuna uzito.

Kinachosaidia ni ulinganisho. Chukua promota za jeni 1,000 zilizochaguliwa kwa kura, hesabu vituo vilevile, kisha uone kama ukoo wako unazidi. Au ngoja matokeo ya RNA, ugawanye wanaukoo waliopanda na wasiopanda, ndipo uulize kama promota zao zinatofautiana. Njia hii ya pili naipenda zaidi, kwa sababu inaiacha mimea iseme kwanza.

Hatua ya 5: Kuweka msongo

Anza na miche inayolingana. Kwa majani, miche ya wiki nne hivi, yenye majani manne hadi matano ya kweli, inafaa. Otesha mingi kuliko unayohitaji, kisha ondoa iliyo mirefu sana na iliyodumaa. Ipange kwa kura kwenye meza, na uhamishe nafasi zake kila siku kadhaa, maana kona moja ya chumba huwa na mwanga au upepo tofauti.

Kabla ya msongo wowote, tayarisha kundi la ulinganisho kwa *kila* saa utakayovuna, siyo saa sifuri, yaani mwanzo wa msongo, peke yake. Jeni nyingi za mimea hupanda na kushuka kwa saa za mchana na usiku. Ukivuna saa sifuri asubuhi na saa ya sita ya msongo jioni, utapima jua linavyotembea na kuliita msongo. Anza msongo saa ileile ya siku kila unaporudia jaribio.

*Joto.* Nyanya hukua vizuri mchana ukiwa kati ya nyuzi 20 na 27 hivi, na kufunga matunda kunaanza kusumbua mchana ukipita nyuzi 32, hasa usiku nao ukiwa wa joto. Kwa kuchunguza jibu la haraka, nyuzi 38 hadi 42 hutumika sana. Vuna dakika ya 15 na ya 30, saa ya 1, ya 3 na ya 6, halafu baada ya mmea kurudi kwenye nyuzi 25. Usiruke kipindi cha kupona. HsfA2, kwa mfano, hujikusanya joto likidumu au likirudi mara ya pili, na inahusika na mmea kustahimili joto la baadaye. Ukivuna mara moja tu hutaiona tabia hiyo.

Hapa kuna mtego unaowanasa wengi: joto hugeuka ukame bila mtu kujua. Hewa ya nyuzi 25 iliyojaa mvuke ina shinikizo la mvuke la kPa (kilopaskali) 3.17, ya nyuzi 40 ina kPa 7.38. Ukiweka unyevu wa 60% kwenye vyumba vyote viwili, upungufu wa mvuke unaolikausha jani ni kPa 1.27 kwenye chumba cha nyuzi 25, na kPa 2.95 kwenye kile cha nyuzi 40. Mmea wa pili unanyonywa maji zaidi ya mara mbili. Ili nguvu hiyo ya kukausha ilingane, chumba cha nyuzi 40 kinahitaji unyevu wa 83% hivi. Lakini hapo jani halitajipoza kwa kupumua mvuke kama kawaida, na litakuwa na joto zaidi. Hakuna mpangilio usio na gharama. Chagua mmoja, upime joto la jani lenyewe kwa kipimajoto cha miale ya infraredi, na uripoti joto la jani pamoja na la hewa.

*Ukame.* Usiuhesabu kwa siku peke yake. Mche mkubwa humaliza maji kabla ya mdogo, hivyo "siku ya 5" ni hali tofauti kwa kila chungu. Tumia mizani. Tuseme chungu chenye udongo mkavu kina gramu 600, na kikinyweshwa kikachuruzika kabisa kina gramu 1,400. Udongo huo unashika gramu 800 za maji. Ukitaka kufikia 40%, ni gramu 320, kwa hiyo lengo la mizani ni gramu 920, ukiongeza uzito wa mche. Pima kila siku saa ileile na ongeza maji yaliyopungua chini ya lengo. Zaidi ya hapo, pima kiasi cha maji ndani ya jani: uzito mbichi toa uzito mkavu, gawa kwa uzito wa jani lililoloweshwa likashiba toa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Namba hiyo ndiyo itakayomwezesha mtu mwingine kulinganisha ukame wako na wake.

PEG 6000, kemikali inayowekwa kwenye maji ili mizizi ishindwe kuyanyonya, ni ya haraka, ila ni majimaji mazito yanayopunguza oksijeni inayofika kwenye mizizi. Ukiitumia, pulizia hewa, na useme kwamba umeiga upungufu wa maji. Usiuite ukame wa shambani.

*Chumvi.* NaCl (chumvi ya kawaida) ya mM 150, yaani milimola 150 kwa lita, ni gramu 8.77 kwa lita. Ukiimwaga yote mara moja unapata mshtuko wa maji kwanza, na madhara ya sodiamu yenyewe hufuata baadaye, ikishajikusanya kwenye majani. Ukitaka kuchunguza sodiamu, panda mM 50 kila siku, yaani gramu 2.92 kwa lita, mpaka ufike kiwango chako, na endelea na vipimo kwa siku kadhaa. Ukitaka mshtuko wa saa za mwanzo, mwaga mara moja na useme hivyo waziwazi. Mimea ya ulinganisho nayo ibadilishiwe maji siku hiyohiyo, kwa mikono ileile, maana kung'oa mche na kuuhamisha ni msongo tayari.

*Baridi.* Nyanya huumia ikikaa chini ya nyuzi 12 hivi. Nyuzi 4 ndizo zinazotumika sana maabara. Punguza mwanga au uache kama ulivyokuwa, lakini iwe sawa kwa makundi yote mawili: mwanga mkali kwenye jani la baridi huleta uharibifu wake wa pekee.

Kila msongo uwe na shahidi, yaani jeni ambayo tabia yake inajulikana. Kwa joto, jeni za HSP (protini zinazoilinda seli wakati wa joto) ndogo au HSP101 zipande sana. Kwa chumvi na ABA, TAS14 ya ukoo wa dehidrini. Kwa baridi, CBF1. Nyanya ina CBF tatu zilizopangana kwenye kromosomu ya 3, na CBF1 ndiyo inayojulikana kuamshwa na baridi. Shahidi asipojibu, simamisha kazi. Hakuna maana ya kupima wanaukoo 25 kwenye mimea ambayo haikuhisi msongo.

Kuhusu marudio: vipimo vitatu vya RNA ya mche mmoja ni rudio moja. Mimea mitano ndani ya kabati moja, siku moja, inashiriki hitilafu zote za kabati hilo. Fanya angalau marudio matatu ya kweli, kila moja likiwa limeoteshwa na kuwekewa msongo kivyake, na ukiweza manne au zaidi.

Hatua ya 6: Kuvuna

Sekunde zina maana hapa. Kata na kukunja bahasha za karatasi ya alumini usiku wa kabla, ziandikwe kwa kalamu isiyofutika kwenye baridi kali: msongo, saa, rudio, kiungo. Panga bahasha kwa mfuatano wa kuvuna. Chombo cha naitrojeni kimiminika kiwe ndani ya chumba cha msongo au mlangoni kabisa, kwa sababu jani la nyuzi 40 linalotembezwa kwenye korido yenye ubaridi limeshaanza kupona.

Chukua jani la nafasi ileile kwa kila mche, tuseme la tatu kutoka juu, na vijani vyake vya pembeni tu. Mtu mmoja akate, mwingine akunje na kutumbukiza. Vuna kundi la msongo na la ulinganisho kwa kupishana. Ukimaliza moja kwanza ndipo uhamie jingine, pengo la muda litaingia kwenye matokeo.

Kama swali lako linahusu mazao, jani pekee halitoshi. Joto huangusha mavuno ya nyanya hasa kupitia chavua, ambayo hufa au kushindwa kuota, na HsfA2 imeonyeshwa kuchangia kuilinda chavua inayokua. Pima urefu wa matumba ya maua, uyapange kwa milimita, na utoe chavulio kutoka kwenye matumba ya ukubwa mmoja.

Hatua ya 7: Kupima RNA

Kama unaweza kumudu RNA-seq, yaani kusoma RNA zote za sampuli, ndiyo njia inayoonyesha ukoo wote kwa pamoja. Usomaji milioni 20 kwa kila sampuli unatosha kwa kulinganisha viwango. Tumia programu ya Salmon kwa kuhesabu, na DESeq2 kwa takwimu. Angalizo moja kwa watu wa koo: wanaukoo waliozaliwa bega kwa bega hufanana sana, na usomaji mfupi hauwezi kujua umetoka kwa yupi. Salmon hugawa kwa makadirio, ilhali programu nyingine hutupa usomaji wa namna hiyo, na jeni ikaonekana kimya. Ukiona ndugu wawili wenye matokeo ya kufanana kupita kiasi, wakague.

Kwa qPCR, njia ya kupima jeni chache kwa kuzidisha DNA mzunguko baada ya mzunguko, ugumu uko kwenye praima. Kikoa kinachowafanya wawe ukoo mmoja ndicho kinachofanana zaidi, hivyo praima zikikaa hapo zitashika ndugu kadhaa kwa mpigo. Kwa Hsf kuna kishawishi cha pekee: sehemu ya kushika DNA inakatwa na introni (kipande cha jeni kisichobaki kwenye mRNA) mahali palepale kwa karibu wanaukoo wote, na mtu huvutiwa kuweka praima zipite juu ya introni hiyo ili kuepuka DNA iliyobaki kwenye sampuli. Usifanye hivyo. Nenda kwenye mwisho wa mRNA, eneo lisilotafsiriwa, ambako ndugu wanatofautiana, na uondoe DNA kwa kimeng'enya cha DNase. Kipande kiwe na herufi 80 hadi 200. Hakikisha kwa kukisoma mfuatano wake mara moja. Kwa HsfA2 kumbuka pia kwamba mRNA yake hukatwa kwa zaidi ya namna moja wakati wa joto, hivyo amua mapema kama praima zako zinashika namna zote au moja.

Pima ufanisi wa praima kwa kuzimua sampuli mara kumi kumi. Chora Ct (mzunguko ambao ishara inaonekana; ikiwa ndogo, mRNA ni nyingi) dhidi ya logi ya kiasi: mteremko wa −3.32 ni ufanisi wa 100%. Kati ya −3.6 na −3.1 unakubalika.

Jeni rejea, zile za kulinganishia zinazotarajiwa zisibadilike, ndizo zinazoharibu matokeo mengi kimyakimya. Aktini na GAPDH zimezoeleka, lakini mazoea hayazifanyi ziwe tulivu kwenye msongo. Kwa nyanya, CAC, TIP41 na SAND zimependekezwa kuwa imara zaidi wakati wa ukuaji. Jaribu nne au tano kwenye sampuli zako mwenyewe, uchague mbili au tatu zilizotulia. Tazama namba hizi za mfano. Kwenye ulinganisho, jeni yako ina Ct 27.0 na rejea 21.0, tofauti 6.0. Kwenye joto, jeni yako 22.5 na rejea 21.2, tofauti 1.3. Mabadiliko ni −4.7, na 2 kwa kipeo cha 4.7 ni 26, yaani imepanda mara 26. Sasa chukulia rejea yenyewe imepandishwa na joto kwa mzunguko mmoja ikasoma 20.2. Tofauti inakuwa 2.3, mabadiliko −3.7, na jibu linashuka hadi mara 13. Jeni uliyoilenga haijabadilika hata kidogo, lakini nusu ya jibu imepotea.

Angalia pia mahali jeni ilipoanzia. Iliyokuwa na Ct 35 kwenye ulinganisho karibu haikuwepo, na "imepanda mara 200" kutoka hapo inaweza kuwa mRNA chache kuliko ya ndugu yake aliyepanda mara mbili tu. Kwenye RNA-seq, weka kiwango halisi kando ya kila uwiano.

Hatua ya 8: Kusoma matokeo bila kudanganywa na kelele

Ukimaliza, utakuwa na jedwali la wanaukoo na saa. Kishawishi ni kumtangaza aliyepanda zaidi kuwa ndiye muhimu. Ukoo wa Hsf unalikataza hilo kwa ushahidi mzito. HsfA1a ya nyanya ipo kwenye seli muda wote, na mRNA yake haipandi sana joto likija. Kwenye jedwali lako itaonekana haina la kusema. Lakini mwaka 2002 ilionyeshwa kwamba mimea ya nyanya iliyonyamazishwa HsfA1a hushindwa kutengeneza HsfA2 na HSP inavyopaswa, na haivumilii joto. Ni kama mzee wa ukoo asiyepaza sauti, ambaye neno lake ndilo linalofuatwa. Katika hali ya kawaida hushikiliwa na HSP70 na HSP90; joto likiharibu protini nyingine, HSP hizo huenda kuzishughulikia, naye anaachiwa. Swichi yake iko kwenye protini, na vipimo vya mRNA haviwezi kuiona.

HsfA2 kwa upande wake hupanda sana, ila huhitaji kuungana na HsfA1a ili ikae vizuri ndani ya kiini. Na HsfB1, ingawa haina AHA, kwenye nyanya imeonekana kumsaidia HsfA1a kuwasha jeni. Kwa hiyo usisome daraja la mti kama hukumu.

Ukiandika, tumia maneno yanayolingana na ushahidi. "mRNA yake hupanda kwenye jani ndani ya saa moja ya nyuzi 40" ni kauli uliyoipima. "Inaipa nyanya uvumilivu wa joto" ni dai linalohitaji hatua inayofuata.

Hatua ya 9: Kuthibitisha kwa mmea

Chagua wanaukoo wawili au watatu, na mmoja wao awe aliyetulia kwenye RNA lakini mwenye nafasi muhimu kwenye mti. Kwa CRISPR/Cas9, mkasi wa kukata jeni (Cas9) unaoelekezwa na RNA fupi ziitwazo miongozo, lenga eksoni (kipande cha jeni kinachobaki kwenye mRNA) ya mwanzo kwa miongozo miwili, na ukague kwamba mwongozo haushiki ndugu wa karibu. Pata angalau mistari miwili ya mimea yenye mabadiliko tofauti, iliyosafishwa Cas9 kwenye kizazi kinachofuata, pamoja na ndugu zao wasiobadilishwa waliotoka kwenye tunda lilelile. Hao ndugu ndio ulinganisho bora kuliko mbegu za kununua.

Ukikata jeni moja na mmea usionyeshe tofauti, jeni inaweza bado kuwa na kazi. Ndugu anaweza kuwa ameziba pengo, na hilo ni jambo la kawaida kwenye koo. Pima kama ndugu huyo amepanda, kisha ukate wote wawili. Na unapopima uvumilivu, pima vitu vinavyotofautiana kwa msongo: kuvuja kwa chumvi kutoka kwenye majani, ufanisi wa usanisinuru, uhai wa chavua, idadi ya maua yaliyofunga matunda. Picha ya mche ulionyauka kando ya uliosimama iambatane na vipimo hivyo vyote.

Data ghafi ya RNA-seq iweke kwenye hazina ya umma, na kila sampuli iandikiwe aina ya nyanya, umri, kiungo, saa ya siku, joto la hewa na la jani, unyevu, mwanga, uzito wa chungu au kiwango cha chumvi, na jinsi mimea ilivyounganishwa kwenye sampuli moja. Mtu atakayechunguza ukoo mwingine kwenye mimea yako ileile atavihitaji vyote hivyo, na hataweza kuvikisia.